Manjano ya Mama Shefali

Miwani ya Mohua ilianguka mbele ya kibanda cha samaki wa kukaanga, kwenye maonyesho ya vitabu ya Kolkata, Jumapili ambayo nusu ya mji ilikuwa imehamia huko. Kabla hajainama kuiokota, kiatu cha mwanamume kikaikanyaga.

"Samahani, dada," alisema mwenye kiatu. "Nimeiua."

"Na bila hiyo sioni hata nani wa kumgombeza."

"Basi nina bahati. Ungeiona sura yangu usingenisamehe."

Mohua akacheka bila kupenda. Alikuwa amevaa sari ya pamba ya rangi ya haradali na sweta la kijivu, nywele kazibana kwa penseli kama afanyavyo akifundisha darasani. Yule mwanamume akamweleza kwamba yeye ni fundi miwani, jina lake Tirtho, na duka lake liko Bowbazar. Akamshika ncha ya sweta, si mkono wenyewe, akamwongoza kati ya watu mpaka kituo cha teksi. Wiki hiyohiyo Mohua alikwenda kuchukua miwani mpya. Aliivaa, akamtazama Tirtho kwa muda: uso mwembamba, masikio makubwa, shati lililopigwa pasi upande mmoja tu.

"Ningekusamehe," akasema.

Ndivyo ilivyoanza. Wakapigiana simu asubuhi na jioni, wakanywa chai nyingi kwenye vikombe vya udongo. Tirtho aliishi juu ya duka na mama yake, Shefali, mjane tangu Tirtho yuko shule ya msingi. Ni yeye aliyeliendesha duka lile peke yake mpaka mwanawe akakua. Alikuwa mama wa sauti ya kukwaruza na kicheko cha karibu, na siku ya kwanza tu alimwita Mohua mwanangu. Kabla ya mvua kuanza, posa ilikuwa imeshapokewa, na harusi ikapangwa Desemba.

Ndugu wa Mohua walikuwa waje kutoka Silchar na Guwahati kwa treni, na watu wakisafiri mbali hivyo hawaji kula wali wa usiku mmoja. Wanataka Ijumaa chakula cha mwisho cha usichana, Jumamosi asubuhi kupakwa manjano na jioni ndoa, Jumapili bi harusi kuagwa akienda kwa mumewe. Wakakodi jumba la harusi Bhowanipore. Tirtho akachukua shughuli ya mpishi na magodoro, Mohua akachukua ndugu.

"Baba mdogo Pranab hali kitunguu," Mohua alimwambia kwenye simu. "Na mkewe halali chumba kimoja na mtu anayekoroma."

"Baba mdogo mwenyewe hakoromi?"

"Ndiyo maana natafuta vyumba viwili, mpenzi."

Walicheka sana miezi ile. Kilichowatia doa ni manjano. Asubuhi ya harusi bwana harusi hupakwa kwanza, kisha manjano yanayobaki hupelekwa kwa bi harusi, na wanaopaka ni wake wenye waume hai. Bibi yake Mohua, mzaa baba, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika nyumba yao, naye alisema wazi kwamba mama wa bwana harusi ni mjane, hivyo atakaa chumba cha nyuma, asiyaguse. Tirtho aliposikia akauliza kama mama aliyemlea peke yake ni mkosi. Mohua akaahidi kuzungumza na Bibi. Lakini kila alipomkaribia ulimi ulimganda, akaahirisha.

Mwezi Oktoba Tirtho akabadilika. Simu za asubuhi zikakoma. Mpishi akalalamika kwamba hajapewa jibu. Mohua akipiga, anaambiwa duka lina watu. Kisha siku moja Tirtho akapiga mwenyewe, sauti imekauka.

"Mohua, tuwaachie wageni. Tukaandikishe ndoa wiki ijayo, mimi na wewe na mashahidi."

"Watu wameshakata tiketi. Ni kwa sababu ya Bibi?"

Tirtho akarudia tu: wiki ijayo.

"Tirtho, unaidharau familia yangu kiasi hicho?"

"Fikiria unavyotaka," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, lakini Mohua alisikia dharau tu.

"Basi usije kabisa," akamjibu, akakata simu.

Siku zikapita. Mohua alifundisha hisabati akiwa amevimba macho, na mama yake akaanza kuuliza kama awaandikie ndugu wasije. Ndipo Shefali alipompigia. Hakutaja ugomvi. Alisema tu apite ampime blauzi ya harusi, maana mshonaji anangoja.

Mohua akapanda ngazi za juu ya duka huku amejiandaa kulaumiwa. Alipofika mlangoni akasimama. Macho ya Shefali yalikuwa ya njano, mikono imebaki mifupa, na tumbo limejaa chini ya sari yake nyeupe.

"Usiangalie tumbo, angalia futi," Shefali akasema, akainua utepe wa kupimia. "Ini limeoza, mwanangu. Daktari hana la kufanya. Nilimwapisha Tirtho asikwambie. Niliogopa. Nyumba yenye mgonjwa watu huikimbia, na mimi sikutaka umkimbie."

"Kwa hiyo ndoa ya haraka..."

"Anataka niione. Mimi nimekataa."

"Kwa nini, Mama?"

Shefali akakaa kitandani, pumzi inamtoka taratibu. "Tangu nifiwe, kila harusi nimekaa chumba cha nyuma. Nimezoea, sinuni. Lakini ya mwanangu nataka iwe na watu. Nisikie ndugu zako wakigombania vyumba, watoto wakikimbia. Usinipunguzie wageni."

Mohua akamwekea kichwa mapajani, akalia. Shefali akampima mabega hivyohivyo, akasema bi harusi anayelia amekonda, itabidi blauzi ibanwe.

Chini dukani Tirtho alikuwa anafuta kioo kilichokwisha kuwa safi.

"Ungeniambia," Mohua alisema.

"Niliapa."

"Basi na mimi niapie. Kitu kinachokuuma usinifiche tena."

Tirtho akainamisha kichwa juu ya meza ya kioo, na Mohua akaweka mkono kwenye shingo yake mpaka mteja alipoingia.

Jioni hiyo Mohua alimkuta Bibi barazani akimenya njegere. Safari hii ulimi haukuganda. Alisema manjano yake yatapakwa kwanza na mama mkwe wake, la sivyo hapakwi na mtu.

Bibi aliendelea kumenya. Alikuwa mjane wa miaka mingi, naye pia amevaa nyeupe.

"Siku baba yako alipooa," akasema hatimaye, "manjano nilisaga mimi. Kupaka wakapaka wengine. Niliwasikia wakicheka huko mbele." Akalisukuma sinia pembeni. "Mpelekee. Na usingoje Jumamosi ya harusi. Ugonjwa hauna adabu ya kungoja."

Lakini Shefali alitaka kwanza wageni waanze kufika, ndipo Bibi akasaga mwenyewe. Alhamisi ya wiki ya harusi, treni ya kwanza ya wageni ikiwa imeshaingia, Mohua akalipeleka bakuli Bowbazar. Shefali hakuweza tena kuketi. Tirtho akampandisha kwenye mito. Shefali alichovya vidole viwili, akampaka mwanawe paji la uso, kisha akampaka Mohua mashavu yote mawili, taratibu, kama anayesafisha uso wa mtoto.

"Wageni wamefika?" akauliza.

"Wamefika, Mama. Baba mdogo Pranab ameshakataa chumba."

Shefali akatabasamu. Kesho yake alfajiri akafa.

Watu waliokuja na masanduku ya hariri wakatafuta nguo nyeupe. Mpishi wa harusi akachemsha wali mtupu. Na kwa desturi yao aliyefiwa na mama haoi mpaka mwaka upite. Baba mdogo Pranab akasema msichana aliyeshapakwa manjano akabaki bila ndoa ni nuksi kwa ukoo mzima, akamtaja kijana wa rafiki yake aliye tayari kuoa Jumamosi hiyohiyo, jumba si limeshakodiwa? Mohua akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimepakwa na mama mkwe wangu, baba mdogo. Sina mwingine."

Akamfuata Tirtho matangani. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, amejifunga shuka jeupe lisiloshonwa, ndevu zimeanza kuota.

"Mwaka ni mrefu," Tirtho akasema. "Watakusema. Hujafungwa, Mohua."

"Najua. Umekula?"

"Bado."

Akakaa naye, mbali kidogo kama desturi inavyotaka, mpaka alipokula.

Mwaka ule ulikuwa mrefu kweli. Walimsema sokoni na shuleni, na kuna siku wao wenyewe waligombana kwa huzuni tu. Ukapita. Desemba nyingine wakaoana, bila jumba. Ndugu wa Silchar wengi hawakuja tena.

Kesho yake gari likawaleta Bowbazar. Bi harusi hupokelewa mlangoni na mama mkwe, mwenye taa mkononi, na sinia la maziwa yaliyotiwa rangi nyekundu, ayakanyage akiingia. Shangazi wa Tirtho ndiye aliyekuwa ashike nafasi hiyo. Njia nzima Mohua hakuinua uso, maana hakutaka kuuona mlango ule bila Shefali.

Alipoinua, aliyesimama na taa alikuwa Bibi. Alikuwa ametangulia peke yake kwa teksi, na magoti yake yale mabovu, na sari yake nyeupe. Kwa desturi watu wa bi harusi hawafiki kwa bwana harusi siku hiyo, sembuse mjane. Jirani mmoja akaanza kunong'ona.

"Shefali angekuwepo angesimama hapa," Bibi akasema. "Leo nasimama mimi. Ingia, mwanangu."

Mohua akakanyaga maziwa. Tirtho akainama kugusa miguu ya Bibi, kama inavyompasa mtoto kwa mzazi, na hakuweza kuinuka tena. Hakuwa amelia mbele za watu tangu siku ya msiba. Bibi akampa shangazi taa, akamshika Tirtho kichwa kwa mikono miwili. Mohua akangoja, miguu yake ndani ya maziwa mekundu, mpaka mumewe alipomaliza kulia.