Thelathini na Saba

Kila siku saa sita, masomo yalipokwisha, Ndaya alipitia nyumbani, akafunga bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo katika kitambaa, akampelekea mama yake hospitalini. Mama Ntumba alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto mjini Kolwezi. Ndaya alimngoja karibu na kitanda cha nne, akizungumza na Shida, mgonjwa aliyelazwa hapo, binti wa muuza samaki wakavu. Shida alipenda kumtania. Alisema bukari ile ingefaa kuziba tundu la ukuta.

Jumatatu moja, kipimajoto pekee cha wodi kilimponyoka Tata Ngeleka, mkuu wa wauguzi, kikavunjika. Hakutaka daktari ajue. Aliagiza kila karatasi ya mgonjwa iandikwe thelathini na saba, joto la mtu asiye na homa. Mama Ntumba alisita, kisha akaandika.

Mchana ule Ndaya alipomshika Shida mkono, ulikuwa wa moto kama tofali lililotoka tanuruni. Akatazama karatasi: thelathini na saba. Alijiambia kwamba wakubwa wanajua, akanyamaza.

Jumanne alikuta godoro la kitanda cha nne limekunjwa. Shida alikuwa amefariki alfajiri.

Tangu hapo Mama Ntumba aliwagusa watoto wake paji la uso walipokula, walipofua, waliposoma. Akisonga bukari, midomo yake ilinong'ona namba ileile. Ndaya naye alihisi moto ule kiganjani, hata akinawa maji baridi ya bomba.

Alhamisi asubuhi alishindwa kuvumilia.

"Mama, mi nilimugusa Shida. Alikuwa anawaka. Nikanyamaza."

Mama aliweka kikombe chini. "Wewe ni mutoto. Mi ndiye niliandika."

Alieleza kwamba kumpinga Tata Ngeleka ni kujitafutia uhamisho wa Kasaji, mji mdogo wa mbali. Tena yeye alikuwa muuguzi msaidizi tu. Nani angemsikiliza?

"Mi nakusikiliza, mama."

Mchana ule kitanda cha nne kilikuwa na mgonjwa mpya, Abedi, mtoto wa miaka mitatu. Ndaya alimwona mama akishika kalamu. Kwenye kila karatasi, mahali pa joto, aliandika neno moja: Halikupimwa.

Tata Ngeleka alisoma, akasogea karibu. "Mama Ntumba, umekwisha kukata tikiti ya treni ya Kasaji?"

"Nitapanda, Tata. Lakini ile namba siiandiki tena."

Daktari Tshimanga alipopita, alisimama mbele ya neno lile, akauliza maana yake. Mama Ntumba alieleza yote tangu Jumatatu, na habari za Shida pia. Daktari alitoa kipimajoto chake mfukoni. Joto la Abedi lilikuwa arobaini. Dawa ililetwa upesi. Tata Ngeleka aliangalia sakafu.

Juma lililofuata vipimajoto vipya vilifika, na Abedi akarudi kwao mzima. Hakuna aliyetumwa Kasaji. Siku Abedi alipoondoka, Mama Ntumba alikwenda na Ndaya kwa Mama Sikudhani, mzazi wa Shida, akamwambia ukweli wote. Mama Sikudhani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akarudi kupanga samaki wake.

Njiani Ndaya aliuliza kama sasa wataweza kusahau.

"Hapana," alisema mama. "Sikiliza, mutoto yangu. Nafasi isiyo na namba kwenye karatasi humwita mtu aje kuangalia. Namba ya uongo humfukuza. Usichokipima, usikiandike. Na ulichokigusa kwa mkono wako, kiseme, hata kama wewe ni mdogo kuliko wote."