Mkate wa Michembe wa Bibi Minza

Mkaa ulialika gizani, tak, kisha kimya. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana, na Harieth alikuwa amechuchumaa nyuma ya chumba chake pale Somanda, akingoja kupambazuke aone mkate wa tatu umeharibikaje. Wa kwanza ulimeguka kama udongo. Wa pili kuku wa mwenye nyumba waliudonoa mara moja wakauacha.

Ulikuwa mkate wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa vikasagwa unga, ambao Bibi Minza, bibi yake Shija mpenzi wake, aliuoka kijijini Zagayu kila Krismasi. Harieth hakuwahi kuuonja. Alichojua ni kwamba yeye ndiye aliyeupoteza.

Yeye na Shija walikutana mwaka jana sokoni Bariadi, watu wamejaa, Harieth na kitenge chake cha njano, mkono mmoja umemshika mwanawe Gloria. Shija fundi bati alikuwa kwenye shati la drafti, amezungukwa na makarai na majiko.

"Dada, hilo jiko usinunue."

"Kwani muuzaji si wewe?"

"Ndiyo, ila lina mguu mbovu. Likikuangukia nitakosa usingizi."

"Hata jina langu hulijui, usingizi ukukose kwa lipi?"

"Basi nitajie, nianze kukosa."

Akamtajia. Kufikia Pasaka, Gloria alishazoea kumlalia begani.

Mwezi wa kumi Gloria alikuwa na mahafali ya chekechea. Shija akamwachia Harieth simu yake, yenye kamera nzuri. Simu ikagoma kurekodi, imejaa. Harieth akakuta sauti sita ndefu, akafungua moja: bibi kizee anaongea Kisukuma, anakohoa, kuku wanalia nyuma. Harieth ni Mmatengo wa Mbinga. Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu ya mwangaluka na asante ya wabeja. Akadhani simu ilijirekodi yenyewe mfukoni huko kijijini. Akazifuta zote sita, akamrekodi mwanawe akiimba.

Wiki tatu baadaye Bibi Minza akafariki. Jioni ya matanga Shija alikaa kwenye mkeka akipekua simu, kisha akainua kichwa.

"Dastan, umenisafishia simu," alimwambia rafiki yake, fundi simu aliyembadilishia kioo mwezi uleule. "Bibi alinielekeza mkate wake wote humu, hatua kwa hatua. Hata kuniuliza hukuniuliza. Huna adabu."

Dastan akaapa hajagusa. Waombolezaji wakageuza shingo. Harieth akafungua mdomo, akaona macho yote yale, akaufunga.

Tangu siku ile kila simu ya Shija ilimchoma. Akawa hapokei. Alfajiri hii akapokea.

"Mwangaluka, Mama Gloria."

"Mwangaluka."

"Leo nimebahatika. Sasa niambie ukweli, mpenzi. Kuna mtu?"

"Hakuna mtu, Shija."

"Mwezi mzima nikija unaumwa kichwa. Jirani yako anasema unaamka saa kumi na moja kupika. Unampikia nani?"

Harieth alitazama sufuria. "Njoo uone."

Alifika na bodaboda, vifungo vya shati vimepishana. Akanusa hewa, akainama, akamega kipande.

"Hii ni michembe." Sauti yake ililainika. "Kumbe ulikuwa unauoka wa bibi. Na mimi nakuwazia mambo ya ajabu. Wewe mwanamke wewe, Dastan kauua, wewe unaufufua."

Akamvuta kifuani. Hapo ndipo palikuwa pabaya kuliko pote, maana palikuwa patamu. Angenyamaza tu, yangeisha.

"Siyo Dastan," alisema. "Sauti nilizifuta mimi. Simu ilijaa, sikuelewa lugha, nikadhani ni makelele ya kijijini."

Mikono ya Shija ikamwachia.

"Nilimwita hana adabu, msibani, mbele za watu."

"Najua. Nilikuwepo."

Shija alikiweka kile kipande juu ya mfuniko, taratibu, kama kitu cha mtu mwingine. Akaondoka bila kufunga geti.

Harieth hakulia. Alivaa, akamshika Gloria mkono, akaenda hadi kibandani kwa Dastan.

"Shemeji," Dastan alisema bila kuinua macho kwenye simu aliyofungua, "jamaa yako siku hizi akipita hapa anaangalia mitaro."

"Ni mimi niliyezifuta, Dastan. Nilikaa kimya ukatukanwa."

Dastan alicheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Ungesema siku ile, walau wali wa matanga ungenishuka kooni."

"Haziwezi kurudi?"

"Ningeweza ningeshazirudisha mwenyewe, kusafisha jina langu." Akaweka bisibisi chini. "Ila umekuja. Nitampigia."

Krismasi mchana mvua ilikuwa imenyesha. Shija alisimama mlangoni na shati jeupe la kanisani, amebeba chupa ya samli.

"Dastan kasema ulimfuata mwenyewe," alisema. "Nimemwomba radhi. Lakini sijaacha kuumia."

"Sijakuomba uache."

Alikunja mikono ya shati. "Maneno ya bibi sikuyashika, nilijiona nina simu. Ila mikono yake naikumbuka. Leta unga. Na daftari."

Shija akakanda, Harieth akaandika. Samli vijiko vinne, labda vitano. Maziwa mgando mpaka unga uache vidole. Moto chini, moto juu ya mfuniko. Shija aliacha kukanda mara mbili, macho kwenye ukuta, akitafuta kumbukumbu, na kila alipoacha Harieth alishusha kalamu bila kuweza kumtazama.

Mkate ulipotoka Shija alimega kipande, akatafuna.

"Siyo wenyewe. Andika: maziwa yapungue. Mwakani tujaribu tena."

"Mwakani?"

"Na mwaka unaofuata. Mwezi wa saba, pamba ikishauzwa, wazee wangu wataenda kwenu Mbinga kuposa. Ukikubali."

Kalamu ikamponyoka. "Nakubali. Lakini wakiniuliza habari ya sauti ya bibi, nitawajibu nini?"

"Waambie kama ulivyoniambia mimi. Nitakuwa nimekaa pembeni yako."

Hakutabasamu, ila alimsogezea sahani. Harieth akakata kipande, akampa mtoto kwanza. Gloria alitafuna, akakigeuza, akakichungulia upande wa pili.

"Umeungua chini, ila mtamu."