Picha kwenye Mbuzi wa Chuma

Ndugu zangu, niwaeleze ya kinyozi mmoja na nyumba yake. Ukiona kama nakusema wewe, vumilia, sikukusudia. Au pengine nimekusudia.

Ilikuwa Jumapili asubuhi na njia ya kupanda mlima ilikuwa tulivu. Kila baada ya hatua mia hivi palikuwa na mshale mwekundu uliopakwa juu ya jiwe. Kinyozi alitangulia. Nyuma yake alifuata binti yake wa miaka minane, waliyembandika jina la Chiriku kwa sababu alipoanza kusema hakunyamaza. Mwisho alikuja mkewe, fundi cherehani, na kikapu chenye chupa ya chai na mikate. Mtoto alikuwa akihesabu mishale. Ungewaona, ungesema hii ndiyo familia.

Lakini tatizo la familia hii lilikaa kwenye kiganja cha kinyozi. Sisemi simu ni mbaya, hata mimi ninayo. Ila mwenzetu huyu alikuwa amezama. Alijirekodi akinyoa, alijirekodi akila, alimrekodi hata mteja aliyesinzia kitini huku mashine iko kichwani. Watu elfu nne walimfuata mtandaoni, na maoni yao aliyasoma yote, hata ya matusi. Ya nyumbani hakuwa na nafasi nayo.

Kwa miezi sita mkewe alikuwa akimwambia jambo moja.

"Baba Chiriku, masikio ya mtoto yanatoa usaha, na naona hasikii vizuri. Tumpeleke hospitali."

"Eeh," kinyozi alijibu, kidole kikipandisha picha. "Huyo mkaidi tu. Mbona ukimwita kula anakuja?"

Mtauliza, kwa nini mama hakumpeleka mwenyewe? Alimpeleka zahanati. Wakampa dawa ya matone na barua ya kwenda hospitali kubwa, iliyoko mji mwingine. Kinyozi akaiweka barua juu ya kabati ili wapange siku ya kwenda pamoja. Kila wiki ikawa wiki ijayo, na mama naye akangoja. Hilo nalo ni kosa, nitalirudia.

Wazo la kupanda mlima lilikuwa la kinyozi. Huko juu kulikuwa na sanamu ya mbuzi iliyosifiwa na kila mtu, naye hakuwa na picha yake. Mkewe alikubali kwa sababu alisikia huko hakuna mtandao. Alitumaini kumpata mumewe mzima mzima, asubuhi moja tu. Maskini, alisahau kwamba kamera haihitaji mtandao.

Walipopumzika kwenye gogo, mkewe akajaribu.

"Nataka tuongee habari za mtoto."

"Ongea, nakusikiliza," kinyozi akasema, huku akirekodi ukungu.

Akamweleza kwamba mwalimu amemhamishia Chiriku dawati la mbele, na kwamba ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki. Alieleza yote bila kuficha. Kisha akauliza, "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nimesema nini?"

Kinyozi akacheka, akamgeuzia kamera. "Wasalimie watu wangu." Mkewe akachukua kikapu akaondoka.

Baada ya saa moja na nusu walimfikia mbuzi. Fundi wa kuchomelea alimtengeneza kwa vyuma vya magari mabovu: mbavu za springi, pembe za bomba la moshi, ndevu za mnyororo. Alikuwa mkubwa kuliko ng'ombe, amesimama juu ya mwamba bapa akilitazama bonde kama mwenye nyumba. Upande mmoja mwamba ulikatika ghafla, na chini yake palikuwa na mawe na vichaka. Mama alikaa kando kumimina chai. Kinyozi akampandisha mtoto juu ya mwamba, kando ya mbuzi.

"Rudi nyuma taratibu, pembe zionekane," akamwambia wakiwa uso kwa uso, na mtoto akaitikia kwa kichwa. Kisha akarudi chini, akainua simu mbele ya uso wake, akaanza kurekodi.

Chiriku akarudi hatua moja, ya pili, ya tatu.

"Basi, hapo hapo," kinyozi akasema.

Mtoto akarudi nyingine. Alikuwa akimtazama baba yake kwa makini, macho yameganda pale simu ilipo.

"Simama. Nimesema simama. Wewe mtoto, simama!"

Akarudi tena, na mwamba ulikuwa umekwisha.

Walimkuta kwenye kichaka, mita nne chini, mkono umevunjika. Alikuwa hai, na kwa hilo namshukuru Mungu hata leo. Hofu ya kinyozi ikamtoka kwa sura ya hasira, kama inavyotutoka wengi.

"Kwa nini hukusimama? Nimekwambia mara ngapi?"

Mtoto alimtazama midomo mpaka akamaliza.

"Baba, ulifunika mdomo," akasema.

Kinyozi hakuelewa. Mkewe ndiye aliyemweleza, huku akiufunga ule mkono kwa mtandio wake. "Anatusoma midomo. Nimekueleza leo hii pale kwenye gogo. Na kula anakuja kwa sababu ananiona nikipakua."

Kinyozi alimbeba mgongoni njia nzima ya kushuka. Alimsemesha kila hatua: nisamehe mwanangu, tunakaribia, jikaze kidogo. Mtoto hakujibu hata moja. Walipofika nusu ya njia ndipo ilipomwingia akilini kwamba uso wa mtoto uko nyuma yake, na kwamba hajasikia hata neno. Akalia, mtu mzima, mbele ya watu waliokuwa wakipanda.

Kesho yake walikuwa hospitali kubwa. Mkono uliungwa, mtoto akalazwa. Daktari wa masikio akachungulia kwa taa yake muda mrefu, kisha akaishika ile barua.

"Sikio la kushoto tutaliokoa mkifuata dawa," akasema. "La kulia limeshaliwa ndani. Mngekuja barua hii ilipoandikwa, yote mawili yalikuwa yanatibika."

Mkewe aliipokea barua, akaikunja. Kinyozi alitamani mkewe amtukane, ingekuwa nafuu.

Kwenye benchi la nje aliitazama ile video, mara moja tu. Alijisikia akipiga kelele. Akamwona binti yake akimtafuta usoni, akitimiza kwa adabu zote amri ya mwisho aliyoiona. Huyo ndiye aliyemwita mkaidi.

Akaingia wodini, akapiga magoti kando ya kitanda, akauweka uso wake mbele ya uso wa mtoto.

"Nisamehe," akasema.

Mtoto akakunja uso. "Baba, midomo inatetemeka. Sijaona umesema nini."

Akajifuta machozi, akavuta pumzi, akasema tena.

FUNZO

Ndugu zangu, kabla hujamwita mtoto mkaidi, hakikisha anakusikia. Sikio linalotoa usaha si jambo la wiki ijayo. Mama, ukipewa barua ya hospitali, nenda, usingoje mtu aliyezama kwenye simu azinduke. Na wewe baba, mtu wa nyumbani kwako akisema nawe, weka simu chini umtazame. Wale elfu nne hawakuja hospitali, hata mmoja.

Kinyozi siku hizi akitaka kumsemesha binti yake huzunguka kwanza akae kushoto kwake. Upande wa kulia hauna tena wa kusemeshwa.