Wa Nyuma Amejibu

"Elfu sitini hizi si zako," mgeni alisema, akiusukuma tena mkono wa mwongozaji. "Zako nimeshakupa. Hizi ni za mwenzako wa nyuma."

"Mzee, nyuma hakukuwa na mtu."

"Usinifanye mtoto. Nimemsikia kutwa nzima."

Ugomvi wa aina hiyo haujawahi kuonekana kwenye ua ule: mwenye kulipa anang'ang'ania kulipa, na mwenye kulipwa anazikwepa noti kana kwamba zimetolewa motoni. Na mwongozaji mwenyewe hakuwa mtu wa kukataa pesa. Walimwita Buti, kwa sababu ya viatu vizito alivyoachiwa na mgeni mmoja wa zamani, vikubwa kuliko miguu yake, akavijaza matambara na kuvivaa hivyo hivyo. Ukimdai, anakulipa. Akikudai, hulali. Lakini jioni ile jasho lilimtoka usoni na baridi yote ile ya milimani, na noti zikaangukia matopeni baina yao, asiiname hata mmoja.

Mke wa mgeni alikuwa ameketi kizingitini, akikwangua udongo wa viatu kwa kijiti. Alisema bila kuinua kichwa kwamba yeye ndiye aliyetembea mwishoni, kwa hiyo yeye ndiye aliyemsikia vizuri. Kila Buti alipoita kutoka mbele, kijana yule alijibu papo hapo mgongoni kwake. Mara mbili tatu aligeuka kumshukuru, akakuta ukungu. Alidhani kijana ana haya.

"Alikuwa anajibuje?"

Aliyeuliza hakuwa Buti. Alikuwa mama yake, amesimama kwenye mlango wa jiko, unga umemjaa mpaka viwikoni.

"Anasema, 'Nimefunga.'"

Mama aliketi palepale, juu ya lundo la kuni.

Kazi ya kupandisha wageni kule ina sheria moja isiyo na mjadala. Wageni huja kutembea msituni, kutazama maporomoko ya maji, na zaidi ya yote kuyaona mahame: kuta za mawe za watu wa kale, nyumba za duara zisizo na mapaa, zilizohamwa kabla babu wa babu hajazaliwa. Njia ni nyembamba, na ukungu wa huko haubishi hodi. Kwa hiyo mmoja hutangulia, na mwingine huja nyuma ya wote. Huyo wa nyuma ndiye mkia. Wa mbele akifika konani huita, "Mkia!" Wa nyuma hujibu, "Nimefunga," yaani nyuma yangu hakuna aliyebaki, twendeni. Jibu likija, unatembea. Lisipokuja, unarudi, hata kama uliyemwongoza ni mfalme.

Mkia wa Buti alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba ile. Mama alizoea kumtania kwamba amezaliwa wa mwisho, anaamka wa mwisho, na sasa amepata kazi ya kulipwa kwa kuwa wa mwisho. Nyumbani kijana alikuwa na jibu lake jingine. Mama akiita, hata awe wapi, alisema, "Naja, mama," halafu haji. Naja yake ilikuwa mvua ya kiangazi, ilinguruma tu.

Msimu uliopita ukungu uliwashukia wakitoka mahameni. Buti aliita, akajibiwa. Aliita tena kwenye kona ya chini, akajibiwa. Alipofika uani na wageni wake, mkia hakuwapo. Walimpata kesho yake nyuma ya ukuta wa mahame, mguu umevunjika, ameegemea mawe, baridi imemmaliza. Hakuwa amesogea kutoka pale alipoanguka. Waliombeba walisema midomo yake ilikuwa imepasuka, kama ya mtu aliyeita mpaka sauti ikamwishia.

Buti alisema alijibiwa. Alimwambia mama, akawaambia majirani, akamwambia kila aliyetaka na asiyetaka kusikia. Nani angemwamini? Mtu amelala juu mguu umevunjika, jibu lake litokee chini? Watu walimwitikia kwa adabu ya msiba, kisha wakaenda kuguna njiani. Mama hakuguna. Aliacha tu kumwita "baba," kama mama yeyote anavyomwita mwanawe, akaanza kumwita "wewe." Wewe, kuni zimekwisha. Wewe, wageni wamefika. Bora angemtukana. Tusi lina mwisho wake. "Wewe" ile ilikuja kila asubuhi pamoja na chai.

Tangu hapo Buti alipanda na wageni wachache tu, bila mkia, na bila kuita. Lakini mdomo ni mtumwa wa mazoea. Siku ile ya mgeni na mkewe, konani, neno lilimponyoka, na nyuma kukajibiwa kwa sauti ya marehemu. Alidhani ni akili yake inaanza kuchacha. Akaita kwenye kona ya pili, na ya tatu, akitamani kunyamaziwa, hakunyamaziwa. Sasa wageni wawili, watu wasiomjua marehemu wala msiba wake, walikuwa wamesikia alichosikia.

Jirani mmoja alishauri aitwe mganga. Mama akamuuliza kama mganga atamjua mwanawe kuliko yeye aliyemzaa. Wageni walipoondoka asubuhi, aliziokota noti zile, akazipangusa matope, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Wewe," alisema. "Nipeleke."

Walipanda polepole, maana magoti ya mama yalikuwa ya kubembelezwa. Buti alitaka mama atangulie, akakataa. Wa mwisho ni mimi leo, alisema. Msitu ulikuwa na ndege mpaka kwenye kijito. Walipovuka kijito hapakuwa tena na ndege. Harufu ikaanza, kwanza kidogo kama kumbukumbu, halafu nzito: jivu lililomwagiwa maji, harufu ya jiko lililozimwa kwa haraka, mahali ambapo hakuna aliyewasha moto tangu watu wa kale wahame. Ukungu ukashuka bila upepo, ukameza miti, ukameza njia, na Buti kila hatua aligeuka kuhakikisha kwamba kanga ile ya njano bado inamfuata na kwamba aliyeivaa ni mama, na kila alipogeuka alisikia nyuma ya nyayo za mama nyayo nyingine, nyepesi, zinazotua baada ya zake kwa kuchelewa kidogo tu, kama mtu anayejifunza kutembea kwa kumwigiza anayetembea, na mama alizisikia pia, maana alikuwa amekaza shingo na kuuma midomo, lakini hakugeuka, mpaka ukuta wa kwanza wa mahame ulipojitokeza mbele yao, mweusi, unatiririka maji.

"Ita," mama alinong'ona.

"Mama, turudi."

"Ita."

"Mkia!"

"Nimefunga."

Sauti ilikuwa ya marehemu. Ilikuwa na kile kikohozi kidogo mwishoni, kikohozi cha kijana aliyekuwa akivuta sigara akidhani mama hajui. Uso wa mama ulifunguka wote, machozi yakashuka bila kwikwi. Kisha akaita, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitia kutoka mlango wa jiko:

"Baba! Njoo ule."

"Nimefunga."

"Baba, mama anakuita."

"Nimefunga." Karibu zaidi. Kikohozi kile kile, mahali pale pale.

Uso wa mama ukaanza kujifunga, pole pole.

"Mwanangu hajawahi kunijibu hivyo," alisema. "Angesema, 'Naja, mama.' Hata kama haji, angesema." Akamgeukia Buti. "Siku ile kilijibu hivi?"

"Hivi hivi, mama."

"Na kikohozi?"

"Na kikohozi."

"Basi na yeye alikuwa anaita," mama alisema. "Anaita, na hiki kinamjibia."

Hilo Buti hakuwahi kuliwaza, kwamba mdogo wake, nyuma ya ukuta huu huu, na mguu wake uliovunjika, alimsikia kaka yake akiita kwenye kona ya chini, akavuta pumzi ili ajibu, akasikia sauti yake mwenyewe imeshajibu, imewaambia watu wote kwamba njia imefungwa na hakuna aliyebaki, halafu akasikiliza buti za kaka zikiteremka na kupotea, huku aliyeiba sauti yake amekaa naye pale kwenye ukungu, wanasikiliza pamoja.

"Baba," mama alisema, na mkono wake ukamtafuta Buti. "Nishike, baba."

Alimshika. Walisimama hivyo, wakilia bila sauti, na ndipo kutoka kwenye ukungu, taratibu, kama mtoto anayeunganisha herufi, kukatoka maneno ambayo hayakuwahi kusemwa mlimani kabla ya siku hiyo:

"Na… ja. Naja, mama."

Mawe madogo yakalia chini ya nyayo. Mguu wa mama ukainuka wenyewe kuifuata sauti, Buti akamkumbatia kwa nguvu. "Si yeye, mama," akamwambia sikioni. "Umekifundisha wewe, sasa hivi. Si yeye."

"Najua," mama alisema. "Najua, baba. Niache."

Alifungua pindo la kanga. Aliziweka zile elfu sitini juu ya ukuta, akazikandamiza kwa jiwe, akausogelea ukungu mpaka harufu ya jivu ikamfanya akohoe. Alipozungumza hakupaza sauti. Alizungumza kama mtu anayemaliza biashara sokoni.

"Kazi ya mkia umeifanya. Ujira wako huo hapo. Mimi sina deni lako."

Nyayo zilisimama.

"Deni liko kwako. Sauti hiyo ni ya mwanangu. Irudishe."