Nyungo Mbili za Achari

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Mwanasiti Khamis alipanda ngazi ya chuma hadi juu ya stoo ya shule akiwa na ndoo ndogo na kitambaa. Paa la stoo lilikuwa bapa, lenye ukuta mfupi pembeni, na juu yake zilipangwa paneli nane za sola. Kazi yake ilikuwa kuzipangusa vumbi na chumvi inayoletwa na upepo wa bahari. Ufunguo wa kilango cha ngazi aliuvaa shingoni kwa uzi mwekundu, na akiwa nao alitembea kwa madaha, utadhani amekabidhiwa bandari nzima ya Kipevu.

Wenzake walimcheka, lakini ufunguo ule haukuwa mchezo. Kabla ya sola kuwekwa, wasichana wengi wa Gredi ya Sita katika shule yao ya Likoni walisoma siku tatu kwa wiki. Siku nyingine walishinda kwenye foleni ya kisima cha mtaa wakiwa na mitungi ya lita ishirini, huku ndugu zao wa kiume wakiwa darasani. Sasa pampu ya sola ilivuta maji kutoka kisima kirefu cha shule hadi kwenye tangi, na kila alasiri mfereji wa langoni ulifunguliwa ili familia za wanafunzi zichote. Msichana alimaliza masomo, akajaza mtungi, akaenda zake nyumbani.

Aliyefaidi zaidi ni Winfred Musyoka, aliyeketi dawati moja na Mwanasiti. Baba yake hupakua makontena Kipevu, mama yake hufua mashuka katika hoteli moja ya Shelly Beach, na wote wawili huondoka alfajiri. Tangu mfereji ufunguliwe, Winfred hakuwa amekosa shule hata siku moja. Katika hesabu alimwacha Mwanasiti mbali sana, na Mwanasiti alijisifia alama hizo kana kwamba ni zake.

Ikafika Januari, jua la kaskazi likawaka, na maembe yakajaa kila mahali. Bi Rukia, nyanya yake Mwanasiti, alikuwa stadi wa achari. Aliyakata maembe mabichi vipande vyembamba, akayatia chumvi na pilipili, kisha akayaanika juani siku kadhaa. Mwaka huu, hata hivyo, jirani alikuwa ameinua ghorofa, na ua wao ukabaki kivulini. Jua dogo lililobaki liligombaniwa na achari na kuku, na kuku ndio walioshinda.

"Achari ya mwaka huu itaniozea, mjukuu wangu," Bi Rukia alilalamika.

"Niachie mimi, nyanya," Mwanasiti akajibu. "Najua mahali penye jua ambapo kuku hafiki."

Jumatatu alipanda paani na nyungo mbili zilizojaa vipande vya maembe, akazilaza juu ya paneli mbili za pembeni. Alipiga hesabu yake vizuri kabisa. Paneli ni nane, ukitoa mbili zinabaki sita, na sita si haba. Jioni aliziteremsha, na kila asubuhi iliyofuata akazipandisha tena.

Jumanne hiyo alasiri mfereji wa langoni ulitoa maji membamba, ukakohoa, ukanyamaza. Jumatano haukutoa hata tone. Akina mama waliokuja na mitungi walitazamana, wakageuka kuelekea kisimani.

Alhamisi asubuhi, Mwalimu Pascalia alifungua rejista.

"Sumeya." Kimya. "Cheryl." Kimya. "Winfred Musyoka."

Mwanasiti aligeuka. Nafasi iliyo kando yake ilikuwa tupu. Alitupa macho darasani akahesabu, akahesabu tena kwa kuwa hakuamini. Wanafunzi saba hawakuwepo, na wote saba walikuwa wasichana. Alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi usingizini. Siku mbili tu za ukavu, na darasa lilikuwa limerudi lilikotoka.

Baada ya masomo alikimbia hadi kisimani. Alimkuta Winfred katikati ya foleni, ameketi juu ya mtungi, kitabu cha hesabu magotini na mdogo wake amelala mgongoni. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa kamba.

"Niko hapa tangu saa mbili," Winfred alisema. "Kisima hiki nacho kinakauka. Unangoja maji yajikusanye, unachota nusu ndoo, unangoja tena."

"Utakuja kesho?"

Winfred alitikisa kichwa. "Mama amesema nikae nyumbani mpaka maji ya shule yarudi. Akikosa kazi siku moja tu wataweka mtu mwingine. Na yasiporudi, atanipeleka Kitui kwa shangazi. Huko sijui kama nitasoma."

Mwanasiti alirudi nyumbani akiwa na hasira na pampu, hasira na fundi aliyeiweka, hasira na kila mtu isipokuwa Mwanasiti Khamis.

Ijumaa Mwalimu Pascalia alitangaza kwamba fundi wa sola angefika saa nne. Mwanasiti alikumbuka nyungo zake. Hakuwa ameomba ruhusa ya kuanika kitu paani, akaona aibu wageni wazikute. Wakati wa mapumziko, kabla fundi hajafika, alipanda haraka, akaziteremsha, akazificha nyuma ya stoo.

Fundi alikuwa mwanamke kijana aliyeitwa Emmaculate, mwenye buti na mkanda wa vifaa kiunoni. Wasichana walimkodolea macho. Alipanda paani pamoja na mwalimu mkuu, Bwana Phineas, na Mwalimu Pascalia. Mwanasiti, mwenye ufunguo, alifuata nyuma. Fundi akapima nyaya, akawasha pampu. Papo hapo maji yakasikika yakiporomoka ndani ya tangi.

Wote wakabaki midomo wazi.

"Mbona inafanya kazi?" Bwana Phineas aliuliza.

"Nami nashangaa," fundi alisema. "Pampu ni nzima, nyaya ni nzima. Kuna kitu kilichokuwa kinaziba jua?"

"Hapa hakuna mti wala jengo. Lakini paneli si ziko nane? Hata moja ikizibwa, nyingine zipo."

"La, mwalimu. Hizi zimeungwa kwa mstari mmoja, zinafanya kazi kwa pamoja. Ukiziba moja au mbili, nguvu inashuka. Pampu inazunguka, lakini haina nguvu ya kupandisha maji hadi tangini; yaliyomo yakiisha, mfereji unakauka. Tazameni."

Alitandaza koti lake juu ya paneli mbili. Sauti ya maji ikapungua, ikapungua, ikakatika.

Paneli zile zilikuwa zile zile, mbili za pembeni. Madawati saba, foleni ya kisima, viganja vya Winfred, safari ya Kitui, vyote vilikuwa vimetoka mikononi mwa Mwanasiti, na alikuwa amevibeba hadi paani kwa furaha.

Bwana Phineas alivuta pumzi ndefu. "Basi kama mitambo ni mizima, na hapa hakuna cha kuziba jua, ni kisima chetu kinachopungua. Leo yametoka, kesho hayatatoka. Kuanzia Jumatatu tutafunga mfereji wa langoni. Maji yatakuwa ya shule peke yake."

Hakuna aliyemtazama Mwanasiti. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua kamwe. Achari ilikwisha kukauka, mchezo umekwisha. Lakini mfereji ukifungwa, Winfred angekwenda Kitui.

"Mwalimu," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Kisima hakina tatizo. Ni mimi. Nilianika achari ya nyanya juu ya paneli. Wallahi sikujua."

Bwana Phineas alimkazia macho kama haelewi lugha. Fundi Emmaculate alinusa kidole chake.

"Ndiyo maana," alisema. "Nimejiuliza kwa nini jicho linaniwasha tangu nishike paneli hii. Kumbe ni pilipili."

Hakuna aliyecheka. Mwanasiti alivua uzi mwekundu shingoni, akamkabidhi Mwalimu Pascalia ufunguo, machozi yakimlengalenga.

Bi Rukia alipoitwa shuleni mchana huo na kuelezwa, aliketi kitini kwa kishindo. "Yarabi," alinong'ona. "Mwanasiti."

"Abee, nyanya."

"Mimi nilisoma miaka miwili tu. Kisima ndicho kilichonitoa skuli, nikiwa mdogo kuliko wewe. Na leo achari yangu mimi imewatoa wasichana saba?" Alijifuta uso kwa buibui, akasimama. "Twende. Tutabisha mlango mmoja mmoja, na wewe ndiwe utakayesema."

Walibisha milango saba. Katika mlango wa saba, mama yake Winfred alisikiliza akiwa bado na sare ya hoteli. Kisha alimgeukia Winfred, akasema neno moja tu. "Jumatatu."

Jumatatu Mwalimu Pascalia alifungua rejista. Sumeya alikuwepo, Cheryl alikuwepo, na jina la Winfred lilipotajwa, sauti kando ya Mwanasiti ikaitika, "Nipo, Mwalimu." Winfred alikuwa amefunga kitambaa kiganjani, na hakuwa amemsemesha Mwanasiti tangu aingie.

Mwalimu Pascalia alimpa Winfred ufunguo wenye uzi mwekundu. "Utazitunza paneli muhula huu," alisema. "Na Mwanasiti atakubebea ndoo."

Kisha akamgeukia Mwanasiti mbele ya darasa lote. "Kitu cha watu wote hakina sehemu ndogo ambayo mmoja anaweza kujichukulia bila kuuliza. Hilo umejifunza, na sisi sote tumejifunza nawe. Lakini sikiliza na hili. Kosa lako lilikausha mfereji siku tatu. Kunyamaza kwako kungeufunga kabisa. Ukweli wako ndio uliowarudisha hawa saba."

Mwanasiti aliinamisha kichwa. Chini ya dawati, mkono wenye kitambaa ulisukuma kitabu cha hesabu taratibu hadi katikati yao, ukakifungua mahali walipokuwa wameachia.