Maneno Ishirini Yanayoishia na Y

Kila asubuhi Sisimizi alikwenda shule akisoma. Hakusoma kitabu. Alisoma magunia, ndoo za rangi, milango ya maduka na ubavu wa malori. Akiona neno la Kiingereza alisimama, akahesabu kwa vidole. Likiwa na herufi tano, na ya mwisho ni Y, aliliandika daftarini pamoja na mahali alipoliona. HEAVY alilikuta kwenye kreti katika bohari ya vipuri. EMPTY lilikuwa kwenye mtungi wa gesi. Jina la Sisimizi alipewa na mama yake mdogo, kwa kuwa hakurudi nyumbani hata siku moja bila kubeba kitu.

Mwalimu wa Kiingereza ndiye aliyeleta kazi hiyo. "Mwenye maneno ishirini siku ya Ijumaa ataingia kwenye timu ya kwenda mashindano mjini," alisema. "Lakini sitaki ya kukariri. Nataka mliyokutana nayo uso kwa uso. Kila neno na mahali pake!"

Mjini! Huko ndiko mama yake alikofanya kazi, katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli, safari ya kutwa nzima kwa basi. Alikuja mara moja tu kwa mwaka. Sweta alilomwachia Sisimizi lilikuwa halinukii mama tena; lilinukia sanduku.

Sisimizi aliishi na mamdogo nyuma ya saluni yake. Kila Jumapili alasiri simu iliita.

"Hujambo mwanangu? Hunililii?"

"Sijambo, mama. Wala silii."

Mamdogo alimtazama kupitia kioo, akaendelea kusuka nywele za mteja.

Alhamisi ilipofika, Sisimizi alikuwa na maneno kumi na saba. Alizunguka mtaa mzima mpaka soli za viatu zikapata moto. Hakupata kitu. Basi akachukua simu ya mamdogo, akatafuta orodha, akachagua matatu na kuyabunia mahali. HONEY, dukani. PARTY, saluni. Kwenye HAPPY akaandika: "Kadi ya siku ya kuzaliwa aliyonitumia mama."

Ijumaa mwalimu alisoma daftari lile, uso ukamchangamka. "Safi sana! Kadi hii ilete Jumatatu, tuibandike ukutani."

"Kadi?" alidakia Mbishi, jirani yake wa dawati. "Si uliniambia mama yako hajawahi kukutumia hata bahasha tupu?"

Darasa likaangua kicheko.

"Ipo," alisema Sisimizi. "Iko sandukuni."

Jumamosi alikata karatasi ngumu, akachora maua, akaandika HAPPY kwa rangi nyekundu. Ndani palibaki patupu. Pale palitakiwa mwandiko wa mama. Akashika kalamu. Mama aliandikaje? Herufi zake zililala au zilisimama? Alifikiri, akafikiri tena. Hakukumbuka.

Mamdogo aliingia na kitana mkononi, akamkuta analia juu ya karatasi.

"Mamdogo, mama anaandikaje?"

Likatoka lote: orodha, kadi, kicheko cha darasa. Mamdogo akaketi sakafuni kando yake.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Wewe yako imeishia kwenye maua haya. Jumatatu utamweleza mwalimu. Lakini kuna mtu mwingine unayemdanganya kila Jumapili."

"Nani?"

"Huyo unayemwambia 'wala silii'."

Kesho yake simu iliita. "Hujambo mwanangu? Hunililii?"

Sisimizi akaishika simu kwa mikono miwili. "Ninalia, mama. Nina hamu na wewe. Nimesahau hata mwandiko wako." Kisha akamsimulia yote.

Kelele za mashine za kufulia zilififia; mama alikuwa ametoka nje. "Mwanangu," mama alisema, "mimi nilidhani umezoea. Niliogopa kuja na kuondoka kila mara, nisije nikakutonesha kidonda."

Jumatatu Sisimizi alisimama mbele ya mwalimu na kusema kweli. Mwalimu hakumfokea. Alichora mstari juu ya kila neno kati ya yale matatu, kisha juu ya jina lake katika orodha ya timu. Nafasi ikaenda kwa Mbishi.

"Nikimwona mama yako huko, nimwambie nini?" Mbishi aliuliza, safari hii kwa upole.

"Mwambie nina kumi na saba. Ya kweli."

Mbishi hakumwona. Siku ile timu ilipoondoka, basi la kutoka mjini lilimshusha mama yake Sisimizi mbele ya saluni. Alikuwa ameomba siku za likizo alizoziweka kwa ajili ya mwisho wa mwaka. Sisimizi alimrukia kabla hajatua mfuko.

"Taratibu, utanivunja!" alicheka mama huku akijifuta macho. "Sikujua nikuletee nini, nikakuletea hiki." Akatoa kibandiko cha kitambaa. "Kazini tuna vikapu viwili, cha nguo chafu na cha nguo zilizo tayari. Vibandiko vyake naviandika mimi."

READY. Sisimizi alihesabu kwa vidole. Tano. Akapitisha kidole juu ya wino, polepole. Herufi za mama zililala kidogo, kama nyasi zilizopitiwa na upepo.

"Ulipodanganya, ulipata kadi ambayo haikuwepo," mama alisema. "Uliposema kweli, ukanipata mimi. Usinifiche tena yaliyo moyoni mwako, hata kama ni machozi. Na mimi sitakuficha yangu."

"Na mashindano?"

"Mwalimu wako kasema muhula ujao yapo mengine," mamdogo aliitikia kutoka ndani. "Miguu unayo, macho unayo."

Sisimizi akafungua daftari. Chini ya ile mistari mitatu aliandika neno la kumi na nane: READY. Na mahali alipoliona: mkononi mwa mama.