Kisiwa Kilichong'oa Nanga

Samaki aliruka mara ya tatu, na ndoano ikamwingia Griffin kiganjani wakati samaki mwenyewe bado yuko kwenye ndoano nyingine.

Chambo kilikuwa kile cha bandia, kisamaki cha plastiki chenye ndoano mbili za meno matatu. Moja ilikuwa kwenye taya la sangara, ambaye watu wa Jinja wanamwita mputa. Ya pili sasa ilikuwa ndani ya nyama ya mtu. Samaki alikuwa mzito kama mtoto wa darasa la tano. Kila alipotikisa kichwa, mkono wa Griffin ulitikisika naye.

"Usivute! Usivute mkono!" Rupal alipiga kelele. "Mzee, mpige!"

Mzee Khaemba alipiga kwa kasia. Pigo la kwanza lilipata ubao wa mashua. La pili lilipata kichwa, na samaki akatulia, ndoano yake ikachomoka tayani. Damu ilikuwa imetapakaa hadi kwenye injini.

"Wueh," Griffin alisema kwa sauti ndogo, akiutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Alikuwa dereva wa lori kutoka Kenya, mtu wa kuvuka mpaka wa Malaba kila wiki na saruji. Kuvua kwa fimbo alikujua kwenye simu tu, mpaka alipolipia nafasi kwenye mashua hii. Rupal ndiye aliyekuwa mvuvi. Alikuwa na duka la mishipi na ndoano mjini Jinja, aliloachiwa na babake, Chimanlal. Nyama hali, samaki hali, lakini ukitaka kujua mputa analala wapi, utamuuliza yeye. Mashua ilikuwa ya Khaemba, Mgisu aliyetoka Mbale zamani akahamia Walukuba, mtaa wa hapo Jinja.

Walikuwa kwenye mashindano ya mwaka. Asubuhi ile, mkubwa wa kamati alisimama na kipaza sauti akasema mashua ya uokoaji iko tayari, na kila mvuvi atavaa jaketi la kuokolea. Jaketi zilikuja kweli. Watu wakavaa, wakapigwa picha, kisha zikakusanywa zikarudishwa stoo zisije zikachafuka. Hebu fikiria. Jaketi la majini, eti lisilowe.

Mashua walikuwa wameifunga kwenye kisiwa cha mafunjo, vile visiwa vinavyoelea ziwani. Mputa hupenda kivuli, na chini ya mafunjo kuna kivuli na samaki wadogo wa kula. Kisiwa hicho Khaemba alikijua. Wiki tatu kilikuwa pale pale, kikubwa kama uwanja wa mpira, kina hadi miti na viota vya korongo.

"Hiki kimeshika chini," alikuwa amewaambia. "Hiki ni kama Walukuba. Hakiendi popote."

Rupal alikuwa bado anatafuta koleo kwenye mkoba wake upepo ulipopiga kutoka kusini. Haukuanza polepole. Ulikuja kama mlango uliopigwa teke. Ziwa liligeuka jeusi, mvua ikaja imelala, na kisiwa kikaanza kuzunguka na mashua ikiwa imefungwa ubavuni.

"Fungua kamba!"

"Imekaza!"

Khaemba alivuta panga. Kabla hajalishusha, pande la pili la mafunjo lilitokea nyuma yao, likaja bila sauti, likaibana mashua katikati. Mbao zilianza kulia. Kisha zikavunjika kama kuni.

Waliruka juu ya mafunjo. Khaemba alimshika Griffin ukosi, Rupal akashika fimbo yake na mkoba. Walipogeuka, injini ilikuwa inazama na ule mputa mkubwa akielea juu, tumbo nje. Mashua ya miaka kumi na minne ilikwisha kwa muda wa kumeza mate.

Khaemba alibaki amefungua mdomo, mvua ikiingia.

Chini ya miguu hapakuwa ardhi. Ulikuwa mkeka wa mizizi na majani yaliyooza, ukikanyaga unazama hadi goti, na maji yanayopanda ni ya moto na yananuka. Ukisimama mahali pamoja unazidi kwenda chini. Walikata mafunjo, wakayalaza mafungu mafungu, wakaketi juu yake. Nyoka mwembamba wa kijani alikuwa amejisokota kwenye bua, karibu na uso wa Griffin. Alikuwa na hofu kama wao.

"Lete mkono," Rupal alisema.

Alikata ndoano kwa koleo ikatengana na chambo. Jino moja lilikuwa limezama hadi kwenye mfupa, na jino la ndoano lina ncha ya kurudi nyuma. Ukivuta vibaya, linatoka na nyama. Akapitisha mshipi kwenye kipindo cha ndoano, akauzungusha mara mbili kwenye ngumi yake, na kwa kidole cha mkono mwingine akagandamiza shina la ndoano chini.

"Mke wako anaitwa nani?"

"Nata..."

Akavuta kwa ghafla. Ndoano iliruka ikapotelea kwenye mafunjo.

"...sha," Griffin alimalizia, macho yamemtoka. "Madam, wewe ni daktari ama ni mwizi?"

"Nauza ndoano miaka ishirini. Lazima nijue kuzitoa."

Lakini damu haikukoma. Walifunga kwa kitambaa cha kichwa cha Rupal, kikalowa. Waliongeza shati, nalo likalowa. Mkono ulianza kuvimba, na Griffin akaanza kutetemeka.

Simu yake ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, ina chaji kidogo. Alipiga namba ya uokoaji iliyokuwa kwenye tangazo la mashindano.

"Mashua ipo," sauti ilijibu, "lakini haina mafuta. Na aliye na ufunguo yuko mkutanoni."

"Boss, niko na mtu anavuja damu. Huyo mtu ni mimi!"

"Pigeni baada ya chakula cha mchana."

Griffin aliitazama simu. Akawatazama wenzake. Akairudisha kwenye mfuko wa plastiki.

Mvua ilipopungua, Rupal alifunga chubwi kwenye mshipi, ile risasi ya kuzamishia ndoano, akaishusha pembeni. Ndivyo afanyavyo mvuvi mahali pageni ili ajue kina. Chubwi ilishuka, ikagusa chini. Mshipi ulisimama wima kidogo tu, kisha ukaanza kulala. Akauachia. Ukalala zaidi, kuelekea kusini walikotoka.

"Mzee. Walukuba yako inatembea."

"Haiwezi."

"Chubwi imekaa. Sisi ndio tunaondoka."

Khaemba aliushika mshipi kwa vidole viwili. Alihisi chubwi ikikwaruza matope huko chini, inabaki nyuma. Akainuka taratibu, akatazama kaskazini juu ya mafunjo. Upande ule ziwa linajifinya na kuwa mto. Na mtoni kuna mitambo ya umeme, na milango ya chuma inayomeza maji mchana na usiku.

Walipiga tena. Mtu mwingine alipokea, akauliza wako wapi hasa, akasikiliza, akasema, "Huko si upande wetu," akakata.

Kisiwa kilikuwa kimeanza kupasuka. Mkondo ulikuwa unakivuta, na kila baada ya muda kipande kilikatika pembeni kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa.

"Nipe hiyo simu," Khaemba alisema.

Miaka sita iliyopita, walipokwenda kwao kusalimia, kwenye zahanati moja upande wa Mbale, alipiga simu mara tatu kuomba gari la wagonjwa. Mkewe, Babirye, alikuwa sakafuni. Gari halina mafuta, walimwambia. Babirye alifariki saa kumi jioni. Jumamosi iliyofuata, gari lile lile lilipita mbele ya matanga limebeba viti vya harusi ya mkubwa mmoja. Mafuta yalikuwepo. Tangu siku hiyo Khaemba hakumwomba mkubwa kitu chochote, na hata sasa hakuomba.

"Afande," alisema namba ile ile ilipopokelewa, kwa sauti ya mtu asiye na haraka. "Mimi ni mpita njia tu. Naona kisiwa kikubwa, kama uwanja wa mpira, kinakwenda kwenye mitambo ya umeme. Kitaingia leo hii."

"Nini? Kinakwenda wapi?"

"Kwenye umeme, afande."

Upande wa pili kiti kilianguka. Watu walianza kuitana. Kisha simu ikazima.

Hazikupita dakika arobaini. Mashua tatu zilikuja, injini zikinguruma, matangi yamejaa. Griffin alipunga mkono wake mzima. Mtu mmoja aliwaona, akawaonyesha wenzake, kisha wote wakaendelea kufunga kamba kwenye upande mwingine wa kisiwa. Waliokoa kisiwa kwanza.

Na mkeka ukapasuka chini ya Griffin. Alizama hadi kifuani. Khaemba alijitupa kifudifudi akamshika kwapani, naye akaanza kuzama pamoja naye.

"Rupal!" Griffin aliita. Hakumwita madam safari hii.

Rupal alitazama. Mashua ya karibu ilikuwa hatua arobaini, na mkubwa wa kamati mwenyewe amesimama ndani, kavaa jaketi jipya la kuokolea. Upepo ulikuwa mgongoni mwa Rupal. Alifunga chambo kipya, kizito, akarudisha fimbo nyuma ya bega, akarusha. Chambo kilipita juu ya maji kikiimba, kikaanguka nyuma ya mkubwa. Akavuta mara moja. Ndoano zikashika jaketi mgongoni.

"Eeh! Nini hii? Kata! Kata huo uzi!"

"Ukikata, nakuja na kisiwa kwenye mitambo yako!" Rupal alipiga kelele, akizungusha rili ya fimbo. "Huu ni mshipi wa kusuka, bwana. Unabeba kilo arobaini. Ama uje na mashua, ama uje bila mashua!"

Mkubwa aliyumba, akashika ukingo. Alikuja na mashua.

Walimtoa Griffin akiwa hajui yuko wapi. Khaemba alivutwa wa mwisho, mikono imekakamaa, vidole havitaki kufunguka.

"Lakini nyinyi," mkubwa alisema, akijipapasa mgongo, "mbona hamkusema kuna watu?"

Khaemba aliendelea kunyoosha vidole vyake kimoja kimoja.

"Tulisema," alijibu. "Mara mbili."

Griffin alipona, lakini vidole viwili havikunjiki tena, na gia anabadilisha kwa kiganja. Rupal anaendelea kuvua. Siku hizi hushusha chubwi kila mahali anaposimama, hata ufukweni, hata pale ambapo mtoto anaweza kuona chini. Khaemba alipata mashua nyingine ya kuendesha. Kabla ya kusukuma kutoka ufukweni huwageukia abiria wake na kuwaambia neno moja, wala hacheki anapolisema.

"Tukizama huko, mtu asipige simu kusema tunazama. Semeni umeme unazama."